Tripu ya boti ya kutwa nzima kwenda visiwani kwa bajeti ndogo: hesabu masaa, usihesabu visiwa

Watu wengi wakienda kuulizia tripu ya boti swali la kwanza ni "tunapita visiwa vingapi?", na wauzaji wanalijua hilo vizuri ndo maana mabango yao yamejaa majina, visiwa vitano, laguni mbili, pango, fungu la mchanga, ufukwe wa nyani, vyote siku moja. Nimepanda hizi tripu za grupu mara nyingi sana, kuna nilizorudi na furaha ya wiki nzima, na kuna nilizorudi mgongo umeungua, nimechoka, nikijaribu kukumbuka nimeona nini hasa sikumbuki, na nilipokaa nikazilinganisha nikakuta bei sio iliyozitofautisha. Ni masaa. Boti ya bei ya chini inakupeleka kwenye bahari ileile anayoenda mwenye yoti yake, samaki walewale, matumbawe yaleyale, ila unashea na watu thelathini na ratiba sio yako. Kwahiyo kazi ya mwenye bajeti ndogo ni kulinda muda wake ndani ya ratiba ya watu wengine, naeleza navyofanya mimi.

Hatua ya 1: piga hesabu ya siku kabla hujatoa hela

Chukua tripu ya kawaida ya vituo vinne. Wanakuchukua ulikofikia saa moja asubuhi, unafika gatini saa mbili, mnasubiri wengine, mnagawiwa maski za kuangalia chini ya maji, mnaandikishwa majina, boti inaondoka saa tatu na inarudi saa kumi. Hayo ni masaa saba baharini, yaani dakika 420. Sasa toa: kwenda saa moja, kurudi saa moja, kati ya kituo na kituo dakika 25 mara tatu, chakula saa moja. Hapo dakika 255 zimeshaondoka, umebaki na 165, gawanya kwa vituo vinne unapata kama dakika 41 kila kimoja, na bado kuna kupanga foleni kwenye ngazi kushuka, kuvaa mapezi (yale ya mpira ya miguuni ya kuogelea), alafu kurudi kuhesabiwa. Ukweli ni nusu saa. Nusu saa maski yako ndo kwanza imeacha kuingiza maji unaitwa rudi kwenye boti.

Tripu ya vituo viwili kwa masaa yaleyale inakupa dakika 215, yaani kila kituo zaidi ya saa moja na nusu. Unaona samaki wamekuzoea, unapata kivuli unakaa, unaingia tena majini. Ndo maana mimi nikiona karatasi ina majina mengi nairudisha mezani taratibu nauliza kama kuna yenye machache, na mara nyingi ipo, na mara nyingi ni rahisi zaidi maana inachoma mafuta kidogo.

Swali lingine la muhimu hapa ni "tunashuka au tunapita tu?" Kwenye karatasi yote yanaandikwa kama kituo hata kama mnasimama dakika tano mkipiga picha mkiwa ndani ya boti. Na usiamini picha. Ile Maya Bay ya Thailand, ambayo picha zake ziko kila mahali watu wanaogelea, ilifungwa Juni 2018 ili matumbawe yapate kupona, ikafunguliwa tena Januari 2022 kwa masharti, boti haziingii tena kwenye ghuba, zinashushia watu upande wa nyuma wa kisiwa mnatembea, na kuogelea hairuhusiwi. Mtu asiyeuliza anafika na nguo ya kuogelea akitegemea kuogelea anakuta hairuhusiwi.

Hatua ya 2: chagua siku kwa kuangalia bahari

Kwanza msimu. Hakuna msimu mmoja wa tropiki, kila bahari ina wake. Visiwa vya Similan huko Thailand vinafungwa kabisa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba kwasababu ya bahari chafu, wakati upande wa pili wa nchi hiyohiyo, kwenye ghuba, mvua kubwa zinapiga zaidi kuanzia Oktoba hadi Desemba. Karibi na Atlantiki ya kaskazini msimu wa vimbunga ni Juni 1 mpaka Novemba 30. Kwahiyo ukisikia "bei imeshuka nusu" uliza kwanza ni mwezi gani.

Pili upepo. Siku mbili kabla fungua programu yoyote ya hali ya hewa inayoonyesha upepo kwa noti, na noti moja ni kama kilomita 1.85 kwa saa. Chini ya noti 10 bahari ni tamu. Kati ya 11 na 16 unaanza kuona povu jeupe juu ya mawimbi, boti inaruka na maji yanawarukia. Ikifika 17 kwenda juu na boti ni ndogo mimi siendi, hata nikiambiwa hela hairudi. Na kumbuka sehemu nyingi za pwani upepo unaongezeka mchana, nchi kavu ikipata joto inavuta upepo wa baharini, ndo maana asubuhi mnaenda maji kama kioo alafu saa tisa mnarudi mnapigwa.

Tatu maji kujaa na kupwa, na hili watu wa bajeti hawalifikirii kabisa. Sehemu nyingi maji yakijaa sasa hivi yatajaa tena baada ya masaa 12 na dakika 25 hivi, kwahiyo kila siku yanasogea mbele karibu dakika 50. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndo bamvua, maji yanajaa sana na yanatoka sana, katikati hapo ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Kama tripu yako inauza fungu la mchanga, fungu linaonekana maji yakitoka, ukienda yamejaa unaonyeshwa bahari tupu unaambiwa lipo hapo chini. Na kama unachotaka ni kuangalia matumbawe, maji yakikaribia kujaa na kusimama ni bora zaidi, mkondo unapungua na hujikwaruzi na mwamba. Sehemu nyingine kama Karibi hili halina uzito, maji hayapandi hata nusu mita, ila kwingine tofauti inafika mita tatu mpaka nne na inabadilisha kila kitu mpaka muda wa boti kuondoka. Muulize tu muuzaji "kesho maji yanatoka saa ngapi?" Anayeijua bahari anakujibu palepale bila kufikiria. Anayekujibu "usijali" huyo anauza karatasi tu.

Hatua ya 3: kununua

Usinunue kwa mtu wa kwanza na usinunue kwa ajili ya siku yako ya mwisho. Weka tripu siku yako ya pili au ya tatu ya kukaa pale, ili bahari ikichafuka wakuhamishie kesho yake. Ukiiweka siku ya mwisho ikaahirishwa unabaki unagombania hela, na ukiiweka siku moja na ndege ya jioni utakaa baharini kutwa nzima roho juu.

Tembea mpaka gatini au ufukweni boti zinakolala, jioni zinaporudi, kama saa kumi hivi. Hapo unaona boti zenyewe, unaona watu wanashuka na sura gani, na unaweza kumuuliza mtu yeyote aliyeshuka "vipi ilikuwaje, mmekaa muda gani kila sehemu?" Dakika kumi za kusimama pale zinakupa habari nyingi kuliko maoni mia ya mtandaoni, maana hayo mengine yaliandikwa na watu waliopanda msimu mwingine na nahodha mwingine.

Bei ya chini yenyewe sio tatizo. Uliza imeshuka kwenye nini. Watu wengi kwenye boti moja, sawa, hilo navumilia. Chakula cha kawaida, sawa. Boti ya polepole badala ya spidiboti, hiyo mimi naipenda zaidi, unakaa chini ya turubai, unaongea na watu, mgongo hauumii. Ila kama bei imeshuka kwasababu laifu jaketi hazitoshi au injini ni moja na ni chakavu na hamna redio ya mawasiliano, hapo acha.

Ninavyouliza ni hivi, na nauliza nikiwa nimesimama na hela iko mfukoni:

- Watu wangapi, mwisho kabisa? Na laifu jaketi ni ngapi, za watoto zipo?
- Boti inaitwaje, naweza kuiona? Injini ngapi?
- Ada ya hifadhi imo kwenye bei au nalipa kulekule, na wanataka keshi?
- Maski na snokeli (mrija wa kupumulia) zimo? Mapezi je? (Mapezi mara nyingi hayamo.)
- Serikali au mamlaka ya bandari ikifunga bahari narudishiwa hela au nahamishiwa siku nyingine?
- Msaidizi mmoja anaingia majini na sisi au wote wanabaki juu?

Swali la jina la boti nalisisitiza kwasababu liliwahi kunipata. Nililipia boti fulani ya mbao pana nzuri, asubuhi gari likatupeleka gati lingine tukaingizwa kwenye boti ya watu wengine kabisa, tulikuwa tumeuzwa tena usiku kwa bei ya chini ili kujaza viti, na kila tulichoahidiwa, masaa, vituo, mapezi, wale watu hawakukijua na sikuwalaumu maana hawakuwa wao walioahidi. Tangu siku hiyo naomba risiti yenye jina la boti, saa ya kuondoka, vituo na vilivyomo, hata kama imeandikwa kwa mkono, naipiga picha palepale. Na nalipa dipoziti tu, iliyobaki naimalizia nikishaiona boti.

Kupatana inaruhusiwa, ila mkiwa wanne watano mnaenda pamoja ndo inakuwa na nguvu. Na badala ya kukaza kwenye bei tu, omba vitu vya muda: tuondoke nusu saa mapema, tuanze na kituo maarufu kabla ya wengine. Mara nyingine nahodha anakubali maana na yeye hapendi msongamano, na hiyo nusu saa ina thamani kuliko punguzo lolote.

Hatua ya 4: usiku wa kabla

Begi dogo, tena dogo kweli, maana litakaa miguuni kwako na litalowa. Tia vitu kwenye begi lisiloingiza maji au hata mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa vizuri. Simu kwenye kimfuko chake, na kijaribu nyumbani kwanza, weka karatasi kavu ndani zamisha kwenye ndoo dakika tano, ikitoka kavu ndo uweke simu. Keshi kidogo. Maji ya kunywa lita moja na nusu au zaidi kwenye chupa yako. Taulo jepesi. Nguo moja kavu ya kurudia, hii usiache, upepo wa jioni ukiwa umelowa unatetemeka hata kwenye nchi ya joto. Pasipoti iache ulikofikia isipokuwa kama wanaihitaji.

Jua naomba nilikazie. Ukiwa unaelea kifudifudi unaangalia samaki hulisikii kabisa kwasababu maji yanakupoza, na kinachoungua ni mgongo, shingo kwa nyuma na nyuma ya mapaja, sehemu ambazo huzioni. Usiku ndo unajua. Dawa bora na ya bei ndogo ni tisheti ya mikono mirefu ya kuogelea, na kama huna basi tisheti yoyote ya kubana ni bora kuliko mgongo wazi, na haioshwi na maji kama losheni. Losheni paka yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 kwenda juu nusu saa kabla, rudia kila masaa mawili na kila ukitoka majini, mawingu yasikudanganye. Wenye ngozi nyeusi msijitoe kwenye hili, sisi pia tunaungua, inachelewa tu kuonekana.

Angalia pia losheni imetengenezwa na nini. Palau, nchi ya visiwa huko Pasifiki, ilipiga marufuku losheni zenye kemikali zinazodhuru matumbawe kuanzia Januari 1, 2020, Hawaii ikazuia kuuza zenye oksibenzoni na oktinoksati kuanzia Januari 1, 2021, na Thailand mwaka huohuo ikazizuia kwenye hifadhi zake za baharini. Zenye oksaidi ya zinki zinabaki nyeupe usoni ila zinafanya kazi na huwezi kunyang'anywa getini.

Hatua ya 5: asubuhi, na wapi pa kukaa

Kula. Wengi wanaogopa kutapika wanaenda tumbo tupu na hiyo ndo inawamaliza, tumbo tupu linachafuka haraka kuliko lenye chakula chepesi kikavu. Epuka mafuta mengi na pombe ya usiku wa jana. Kama unajijua bahari inakulevya meza dawa mapema, zenye dimenhidrineti nusu saa mpaka saa moja kabla, sinarizini masaa mawili kabla, ukisubiri mpaka kichefuchefu kianze umeshachelewa. Zote zinaleta usingizi kwahiyo usichanganye na pombe, na kama una mimba au unatumia dawa nyingine muulize mfamasia.

Fika gatini kati ya wa kwanza. Boti za grupu hazina namba za viti, anayewahi ndo anachagua, na kiti ni kitu kikubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwenye spidiboti kila mtu anakimbilia mbele, kwenye omo, kwasababu ya upepo na picha. Hapo mbele ndo boti inaponyanyuka na kudunda ikigonga wimbi, na watu wamewahi kuvunjika pingili za mgongo kwa kudundishwa tu wakiwa wamekaa. Niliwahi kukaa kiti cha tatu kutoka nyuma nikamwona mama mmoja pale mbele, bahari ilipochafuka kila wimbi anaruka juu hewani anatua na matako kwenye ubao, amekamata chuma kwa mikono miwili na hawezi hata kuinuka ahame maana boti haipunguzi. Tulimpigia kelele nahodha mpaka akapunguza, tukamvuta mama nyuma, siku nzima hakushuka tena kwenye boti. Mjamzito, mzee, mwenye matatizo ya mgongo, asikae mbele, na kwa ninavyojua mimi mjamzito asipande spidiboti kabisa.

Nyuma kabisa kwenye tezi nako kuna moshi wa injini, ukivuta nusu saa unachefukwa hata bahari ikiwa shwari. Kwahiyo ni katikati kuelekea nyuma, upande wenye kivuli. Bahari ikianza kukulevya acha simu, angalia mbali kwenye upeo, pata upepo usoni. Ukizidiwa tapika kwenye upande upepo unakoelekea, mwambie msaidizi, wameshazoea hawakushangai.

Kabla boti haijaondoka vaa laifu jaketi na uikaze mikanda yote. Kama inapanda mpaka masikioni ukiinua mikono ni kubwa, omba nyingine. Geuza kichwa uone redio ipo, uone maboya yalipo. Na kama mawingu ni meusi, upepo unavuma na boti nyingine zinarudi, una haki ya kushuka. Julai 5, 2018 karibu na Phuket, Thailand, boti ya watalii ilizama kwenye dhoruba wakafa watu 47, na tahadhari ya hali ya hewa ilikuwa imeshatolewa. Hela ya tripu moja iache iende.

Hatua ya 6: majini

Hapa ndo dakika zako zinapotumika au kupotea, kwahiyo jiandae mkiwa bado njiani. Maski ijaribu kabla hamjafika: iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kidogo kwa pua, ikishika yenyewe bila mkono inakufaa, ikidondoka badilisha mapema wenzako hawajazichukua zote. Toa nywele zote chini ya mpira, unywele mmoja tu unatosha kuingiza maji, na mwenye masharubu marefu itamvujia, apake mafuta mazito kidogo juu ya mdomo. Tema mate kwenye kioo, sugua kote, suuza mara moja na maji ya bahari, haitaingia ukungu.

Usiingie majini injini ikiwa inanguruma, hata kama wengine wanaruka. Subiri izimwe kabisa, na wakati wa kurudi hivyohivyo, usiisogelee ngazi mpaka zile panga za injini zisimame.

Kabla ya kushuka piga picha boti yako ubavuni, jina na rangi. Sio utani, sehemu maarufu kuna boti ishirini zimetia nanga, zote nyeupe, zote zina turubai la bluu, na ukiinua kichwa majini unaona matumbo ya boti tu na hujui yako ni ipi. Muulize na msaidizi mkondo unaelekea wapi. Anza kwa kuogelea kinyume na mkondo, ili ukichoka ukurudishe kwenye boti, watu wanafanya kinyume, wanaanza kwa raha wanapelekwa, alafu kurudi ndo kazi.

Dakika tatu za kwanza usiende popote. Elea tu, lala, pumua pole kwa mdomo mpaka moyo utulie. Maji yakiingia kwenye mrija puliza kwa nguvu mara moja yanatoka juu. Ukitaka kupiga mbizi usivute pumzi nyingi harakaharaka kabla ya kuzama ili ukae chini muda mrefu, hiyo inaweza kukuzimisha fahamu ndani ya maji bila dalili yoyote, na inawapata hata wanaojua kuogelea sana.

Kama hujui kuogelea sema. Sema mapema, mbele ya msaidizi, wala usione aibu, kwenye kila boti mko zaidi ya mmoja. Atakupa boya la duara lenye kamba akuvute, wewe unashika tu na uso uko majini, na unaona kila kitu wanachoona wengine. Jaketi liwe limekazwa. Kama hawana mtu wa kukuvuta usishuke kwenye maji marefu, subiri kituo cha ufukweni uingie mpaka kifuani, matumbawe madogo na samaki wapo hata hapo.

Usisimame kwenye matumbawe, hata ukichoka. Yale mawe unayoyaona ni viumbe hai, aina zile za mviringo nyingi hazikui hata sentimita 2 kwa mwaka, kwahiyo tumbawe la ukubwa wa meza lilikuwepo kabla hujazaliwa na linaweza kuumia kwa unyayo mmoja. Ukichoka geuka ulale chali. Usiwape samaki mkate hata kama wanauza botini, na kobe wa baharini mwache mita kadhaa, anapanda juu kuvuta hewa, akizingirwa na watu kumi anazama bila kupumua.

Ukichomwa na yavuyavu, wengine wanaita konyeza, suuza na maji ya bahari usitumie maji ya kunywa, usisugue, toa nyuzi kwa kibano. Ukikanyaga wale wanyama weusi wa mviringo wenye miiba mirefu, au samaki jiwe (anafanana na jiwe na miiba yake ina sumu), kinachosaidia ni maji ya moto, kama nyuzijoto 45, yasikuunguze, zamisha mguu nusu saa mpaka saa moja na nusu, na samaki jiwe ni hospitali siku hiyohiyo. Viatu vya mpira vya kuogelea vinasaidia kupunguza kuchomwa na miiba.

Hatua ya 7: kisiwani na chakula

Boti zote zinashusha watu sehemu moja na watu wote wanaganda hapohapo. Uliza mnaondoka saa ngapi kamili, linganisha saa yako na ya msaidizi, alafu tembea dakika tano tu kufuata ufukwe. Dakika tano zinatosha, unakuta mchanga hauna nyayo. Weka alamu ya dakika kumi kabla ya muda maana unapochelewa unakula dakika za kituo kinachofuata za watu thelathini.

Chakula ni buffe au sahani ya pamoja. Mimi nakula kwanza kidogo naingia majini wakati foleni bado ndefu, au nasubiri mwishoni, sipotezi dakika 25 nimesimama juani na sahani. Kama una mzio wa samaki, kamba au karanga ulipaswa kusema siku ya kununua, kisiwani hakuna jiko la pili. Makombe na matumbawe yaliyokufa yaache, sehemu nyingi ni kosa na mizigo inakaguliwa uwanja wa ndege.

Kurudi

Upepo umeongezeka, umechoka, umelowa. Vaa ile nguo kavu kabla boti haijaanza kukimbia, kunywa maji yaliyobaki, paka tena losheni maana jua la saa tisa bado lina nguvu na linapiga kutoka ubavuni. Hesabuni watu. Ndiyo, wanahesabu wao, ila na wewe angalia aliyekaa kulia na kushoto kwako kama yupo. Mkifika gatini wape kitu kidogo wasaidizi mkononi mwao, hasa yule aliyeingia majini, maana kwenye hizi boti za bei ya chini yeye ndo anabeba siku yote. Usiku ukilala kitanda kitakuwa kama kinayumba, masikio yamejaa maji, lala ubavu yatoke yenyewe, usichokonoe, na huko kuyumba kwa wengi kunaisha ndani ya siku moja au mbili.